Mtoto Asiyelia

Kila Jumamosi asubuhi Agnetha hufagia uwanja wa nyumba yao pale Nyasubi, mjini Kahama, huku mdogo wake Edson akimchafulia. Jumamosi moja Edson alikanyaga kipande cha chupa. Mama akamfunga kitambaa safi mguuni na kuwapeleka hospitali.

Chumba cha dharura cha watoto kilijaa.

"Lia kwa nguvu," Agnetha alimnong'oneza Edson. "Anayelia sana huingia kwanza."

Edson alilia mpaka watu wakageuka. Muuguzi Scolastika akaja. Alimshika Edson mikono na kutazama kifua chake, kisha akapima joto na mapigo ya moyo, akaandika namba.

"Shikamoo. Mbona unampima mara mbili?" Agnetha aliuliza.

"Marahaba. Tunalinganisha njia mbili za kujua nani atibiwe kwanza. Kwa njia ya kwanza natafuta dalili za hatari tu: anapumuaje, mikono ina baridi, anaitika? Kwa ya pili napima vyote na kujumlisha alama."

"Kulia kuna alama ngapi?"

"Hakuna. Anayelia hivi ana pumzi ya kutosha." Akamfunga Edson utepe wa kijani. "Huyu atasubiri."

Edson akanyamaza palepale. "Nimelia bure," alisema.

Nyuma yao alikuwa ameketi mama aliyesafiri kutoka Runzewe, mtoto mgongoni, amefunikwa kitenge kumkinga na vumbi la njiani. Mkono mdogo ulining'inia. Agnetha akaugusa. Ulikuwa wa baridi.

"Mama, mtoto wako anaitika?"

"Mwache, ndiyo kwanza amelala."

Agnetha alisita. Akimwita muuguzi, Edson atazidi kusubiri. Akamwita.

Muuguzi alifunua kitenge. Kifua cha mtoto kilikuwa kinabonyea kila alipovuta pumzi. Akambeba na kukimbilia ndani.

Aliporudi alisema, "Tumemwekea oksijeni, anapumua vizuri. Njia zote mbili zimempa utepe mwekundu, lakini ya kwanza ilijibu kabla sijashika kipimajoto."

"Basi hiyo ndiyo bora?"

"Kwa huyu. Kwa anayezidiwa polepole, huenda ya pili. Ndiyo maana bado tunalinganisha."

"Agnetha ndiye aliyeniambia nilie," Edson akasema.

"Nilisikia," Mama alijibu. "Kilio cha uongo kinamchelewesha mtoto asiye na nguvu ya kulia. Hospitalini semeni ukweli, na mtazameni aliye kimya. Umefanya vema kumwita muuguzi, Agnetha. Kuanzia sasa utaokota vipande vyote vya chupa kabla ya kufagia."

"Na Edson?"

"Atavaa viatu."