Biskuti za Bwana Mkubwa

Kila alasiri akirudi kutoka shule, Kijiko hakupitia kwingine ila jikoni. Aliweka begi lake kwenye kiti kilichovunjika mgongo, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akashika nafasi yake kati ya meza na oveni. Mama alioka biskuti za kuuza hapo hapo nyumbani, na Kijiko, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mkono wake wa kulia. Hata jina lake alilipata jikoni humo, enzi za kutambaa, kwa sababu hakikupita kijiko mbele yake bila kulambwa. Jina likamganda, na yeye wala hakulikataa.

Kazi yake ilikuwa kubonyeza kila biskuti kwa uma ili ipate mistari, kisha kuipaka kiini cha yai juu yake kwa brashi. Kikombe cha viini vilivyopigwa kilikaa upande wa kushoto wa oveni, brashi ikiwa ndani yake, mwaka nenda mwaka rudi. Mikono ya Kijiko ilikwisha kuizoea kazi hiyo kiasi kwamba aliweza kupaka trei nzima huku akisimulia habari za shule. Biskuti zikitoka zilikuwa na rangi ya dhahabu na ziling'aa, na wateja wa Mama walizitambua kwa mng'ao huo.

Mtu mmoja tu nyumbani humo hakuzila. Huyo alikuwa mdogo wake, aliyeitwa Bwana Mkubwa kwa vile alivyopenda kutembea mikono nyuma, akikagua vyumba kana kwamba ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Tangu uchanga alikuwa akitokwa na vipele mara kwa mara, na watu wakasema ni joto. Kisha siku moja alikula biskuti mbili, midomo ikamvimba, akaanza kukohoa na kuhema kwa shida. Mama alimbeba mbiombio hadi hospitali. Daktari alimtibu, akampima, akawaambia kwamba mwili wa mtoto huyu unayakataa mayai, ana mzio.

"Hata kiasi kidogo sana kinaweza kumdhuru," daktari alisema. "Msimwonjeshe kwa kujaribu bahati."

Tangu hapo Bwana Mkubwa alisimama mlangoni mwa jikoni akinusa tu. Siku yake ya kutimiza miaka mitano ilipokaribia, Mama alimuuliza anataka nini. Hakutaka mpira, hakutaka viatu.

"Nataka biskuti zako, Mama. Siyo zile za dukani ninazopewa peke yangu kwenye sahani yangu. Nataka nile wanazokula wote."

Kijiko ndiye aliyejibu, tena bila kumeza mate.

"Utazila. Mimi dada yako nakuahidi."

Bwana Mkubwa aliondoka mikono nyuma, ameridhika. Mama alimtazama Kijiko kwa jicho la pembeni. "Haya, mwenye ahadi. Biskuti bila mayai utazitoa wapi?"

"Mama, kwani yai linafanya kazi gani ndani ya biskuti?"

Mama alipangusa unga mikononi. "Unajua, nimeoka tangu hujazaliwa, na hilo sijawahi kujiuliza. Liache nje uone kutatokea nini."

Basi Kijiko akaliacha. Alichanganya unga kidogo, siagi na sukari, akaoka biskuti nne za majaribio. Zilitoka nzuri kwa macho, lakini alipoinua moja ikammwagikia mkononi ikawa kama mchanga. Alifurahi badala ya kuhuzunika, maana sasa alijua jambo moja: yai ndilo lililokuwa likizishika pamoja. Alichokuwa akikitafuta ni gundi inayoliwa.

Kesho yake alijaribu ndizi mbivu iliyopondwa. Biskuti zilishikana, hilo hakuna ubishi, ila zilikuwa laini na kubonyea, na zilinukia ndizi kuliko kitu kingine chochote. Mjomba, fundi baiskeli aliyepita kila jioni kusalimia na kula, alitafuna moja taratibu.

"Tamu," alisema. "Lakini hii si biskuti, hii ni keki iliyokata tamaa."

Siku iliyofuata Mama alichemsha dengu, na Kijiko akaona yale maji mazito yaliyobaki chunguni. Aliyaacha yapoe, akayapiga kwa nguvu hadi mkono ukamuuma, na povu jeupe likapanda kama ute wa yai unavyopanda. Alimwita Mama aje ashuhudie. Mama alichovya kidole, akaonja, akacheka peke yake. Biskuti za povu hilo zilitoka nyepesi sana, ila zilivunjika vipande vipande kabla ya kufika mdomoni. Bwana Mkubwa alikula vipande vyake kwa uso wa mtu anayejitahidi kuwa na adabu.

"Dada, hizi siyo," alisema.

Zilibaki siku mbili, na Kijiko bado hakuwa amepata gundi yake. Ahadi aliitoa mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Alipotumwa sokoni kununua sukari, alisimama mbele ya meza ya Mama Nafaka, mwanamke aliyeuza kila aina ya punje na mbegu, akaanza kuuliza hiki ni nini na kile ni nini.

"Na hizi nyembamba za kahawia, shangazi?"

"Hizo mbegu za kitani. Watu wanazisaga wanatia kwenye uji. Ila usiziache zikae na maji, zinateleza kama bamia."

Kijiko aliganda na mfuko wake wa sukari. "Zinateleza? Kama ute wa yai?"

"Sasa bamia na yai wapi na wapi?" Mama Nafaka alicheka, akampimia kiganja kimoja cha mbegu. "Chukua ukajaribu. Ukipata jibu uje unieleze, nami nisibaki gizani."

Nyumbani, Kijiko alizisaga mbegu zikawa unga. Badala ya yai moja alichukua kijiko kikubwa kimoja cha unga huo na vijiko vitatu vya maji, akakoroga, akasubiri. Alichungulia kila mara, mpaka Mama akamwambia mbegu haziwezi kufanya kazi zikiangaliwa hivyo. Alipoinua kijiko, ule uji ulivutika na kuning'inia kwa utelezi. Biskuti za safari hiyo zilishikana, zikakatika kwa mlio mdogo zilipoumwa, zikawa na ladha kama ya karanga kwa mbali. Kilichopungua ni sura. Zilikuwa zimefifia.

"Rangi kama soli ya kiatu," Mjomba alisema, akachukua ya tatu.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi Mama alioka biskuti za wateja, akasugua meza, akaosha mabakuli, miiko na trei kwa sabuni na maji ya moto ili pasibaki hata alama ya yai. "Jikoni ni kwako leo," alimwambia Kijiko. "Mimi nafikisha mzigo hapo jirani, nitarudi kabla ya wageni."

Kijiko alifanya kazi kwa umakini ambao hata mtihani hakuwahi kuupa. Alipima unga, akapima mbegu, akakanda, akaviringisha. Zilijaa trei mbili. Oveni yao ilikuwa ndogo, haikuchukua trei zaidi ya moja, kwa hiyo ya pili aliifunika kwa kitambaa safi juu ya kabati. Alibonyeza zile za kwanza kwa uma huku akiimba, akimwaza mdogo wake atakavyokaa mezani na wenzake. Moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Aliingiza trei ndani, akafunga mlango wa oveni.

Wageni walipofika, Mama alikuwa amekwisha rudi. Walikuja watoto watano wa majirani, na Mjomba akiwa amevaa shati lisilo na grisi, jambo la kushangaza. Kijiko aliileta sahani kubwa mezani. Biskuti zilikuwa za dhahabu, zinang'aa. Watoto walisogea. Bwana Mkubwa, kwa vile siku ilikuwa yake, alikuwa wa kwanza kuchagua, akaishika yake kwa mikono miwili akiitazama kabla ya kuila.

"Hongera, mpwa wangu," Mjomba alisema. "Juzi zilikuwa zimefifia, leo zinang'aa hivi. Umezipaka nini?"

"Sijazipaka kitu, Mjomba, ni..."

Hapo akazitazama biskuti. Mistari ya uma. Baada ya uma huja brashi. Kikombe kilikuwa wapi? Kilikuwa pale pale kushoto mwa oveni, kwa sababu Mama alikuwa ameosha kila kitu isipokuwa kile ambacho hakuna aliyekiona tena kwa jinsi kilivyozoeleka. Mikono yake ilikuwa imepaka yenyewe, yeye akiimba.

Kila mtu alikuwa akimtazama kwa sifa. Kwa kitambo kidogo sana wazo baya lilimpitia, kwamba huenda hakupaka, huenda ni moto tu wa oveni, kwa nini aharibu sherehe kwa jambo asilokuwa na hakika nalo? Aliona aibu inamsubiri. Kisha akamwona Bwana Mkubwa anafungua mdomo.

"Usile!"

Aliipokonya ile biskuti mkononi mwa mdogo wake.

"Zina yai," Kijiko alisema. "Ndani hakuna. Ila nimezipaka yai juu. Sikukusudia. Nimesahau kabisa."

Mama hakupiga kelele. Alimchukua Bwana Mkubwa, akamnawisha mikono kwa sabuni, akamfuta uso, akamkagua midomo na ngozi. Alikuwa salama, hakuwa ameonja. Lakini machozi yalikuwa yamemjaa.

"Uliniahidi, Dada."

Kijiko naye akalia, bila kujificha, mbele ya wale watoto watano. Mjomba aliiondoa sahani mezani, akasema biskuti hizo ni hatari na yeye atazishughulikia mwenyewe huko nje, hata ikimgharimu. Watoto wawili walicheka, na pumzi zikarudi chumbani.

"Trei zilikuwa ngapi?" Mama aliuliza.

"Mbili. Ya pili haijaguswa. Iko juu ya kabati."

"Basi unalia nini na kazi haijaisha?"

Kijiko alifuta macho, akaosha uma, akaosha mikono mara mbili. Kile kikombe cha viini Mama alikitoa nje yeye mwenyewe, pamoja na brashi yake. Biskuti zilipokuwa ndani, Kijiko aliyeyusha sukari kwenye maji ya moto hadi ikawa nzito kidogo. Zilipotoka, alipaka ile sukari juu ya kila moja kwa mgongo wa kijiko kipya, polepole, akiitazama mikono yake kila ilipokwenda. Ziling'aa. Hazikuwa dhahabu, ila hakuna ambaye angeziita soli ya kiatu.

Aliweka sahani mbele ya mdogo wake. Bwana Mkubwa alirudisha mikono nyuma, hakugusa kitu.

"Zina nini?"

Kijiko alichuchumaa wakawa macho kwa macho, akamtajia kimoja kimoja: unga, siagi, sukari, mbegu za kitani na maji. Akamtajia uma uliooshwa. Akamtajia maji ya sukari na kijiko alichopakia. Bwana Mkubwa alisikiliza kila neno, akiitikia kwa kichwa kama mkaguzi anayepokea taarifa. Kisha akachukua biskuti, akaiuma, na ule mlio mdogo ukasikika. Wenzake wakanyoosha mikono kwenye sahani hiyo hiyo.

Baadaye, walipokuwa wakiosha vyombo, Kijiko alisema, "Mama, nimekuaibisha."

"Kikombe kile ni mimi niliyekiacha pale, kwa hiyo kosa tuligawane," Mama alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Chakula cha mtu mwenye mzio kinataka akili iwepo mwanzo hadi mwisho, maana kazi tuliyoizoea ndiyo tunayoifanya bila kuitazama. Hilo utaendelea kujifunza, na mimi pia. Jambo la pili umekwisha lijua. Ulikuwa na hakika?"

"Hapana. Nilihisi tu."

"Na ukasema, watu wote wakiwa wanakusifu. Ungengoja kuwa na hakika, saa hizi tungekuwa hospitali. Ukikosea jambo linalogusa uhai wa mtu, sema hapo hapo, aibu utaishughulikia baadaye."

Kijiko aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusuuza. Nyuma yao mlango ulilia kidogo. Bwana Mkubwa aliingia jikoni mikono nyuma, akatazama upande wa kushoto wa oveni, akakuta hapana kitu, akaridhika.

"Dada," alisema, "zimebaki?"