Nikahi ya Jenerali Sucre na Yangu

Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Garissa ilikuwa na wingu zito na matope hadi mlangoni. Nikahi yangu ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, na bwana harusi, askari wa mpakani, alikuwa amekwama Hulugho.

"Barabara imekatika, Sirad," Abdilatif alisema kwenye simu. "Hata lori letu halipiti. Ndugu yangu Duale atakuwa wakili wangu. Atakubali nikahi kwa niaba yangu."

"Sawa. Hata Jenerali Sucre alioa hivyo."

"Nani tena huyo? Nimeibiwa mke?"

Nilicheka. "Tunamsoma darasa la jioni. Alikuwa mwanajeshi, akawa rais wa Bolivia. Aliozwa kwa wakili. Mke yuko Quito, yeye yuko mbali, mkono umepigwa risasi."

"Basi mimi ni rais!"

Nilifurahi mpaka nikamwandikia Mwalimu Gatwiri: "Mwalimu, leo naolewa kama mke wa Sucre!"

Akajibu: "Hongera, dada! Ila Mungu akuepushie mwisho wake. Aliuawa njiani akirudi kwa mkewe. Soma ukurasa unaofuata."

Sikuwa nimefika huko. Nilikaa kwenye mkeka. Marehemu mume wangu pia alifia njiani, karibu na Modogashe, akija nyumbani.

Baba akaingia. "Mashahidi wamefika. Wewe si mwari, ulishaolewa kabla; kunyamaza kwako hakutoshi. Lazima waisikie sauti yako."

"Aabo, siwezi."

"Humpendi?"

"Nampenda. Ndiyo maana."

Aliniangalia kwa upole. "Basi mwambie yeye, si mimi."

Nikapiga simu.

"Abdilatif, rudi kwanza. Nikuone ndipo nikubali."

"Na nikipatwa na jambo njiani, utalia kidogo kwa sababu hatujaoana?"

Nikatazama matope ya mlangoni.

"Huyo jenerali wako, alifika kwa mkewe hata mara moja?"

"Alifika. Aliacha urais, akaenda. Wakapata binti."

"Alhamdulillahi! Yule mama angekataa, angempata wapi binti? Macaan, mpenzi wangu, siwezi kukuahidi barabara. Barabara iko mikononi mwa Mungu. Lakini kila nikipewa likizo, nakuja kwako, si kwingine."

Nilitawadha, nikaswali rakaa mbili. Sikumwomba Mungu anionyeshe kesho. Nilimwomba moyo tu.

Sauti ya maalim ikapita kwenye pazia: "Sirad binti Abdow, umeridhia kuolewa na Abdilatif, na Duale akiwa wakili wake?"

"Nimeridhia."

"Hatujasikia huku!" shahidi mmoja akatania. "Au unamwambia wa Hulugho peke yake?"

Wanawake wakacheka. Nikasimama, nikavuta pumzi.

"Nimeridhia! Na nasema mbele yenu nyote: akichelewa nitamngoja, akifika nitamfungulia mlango mwenyewe, na siku nitakazojaliwa kuwa naye, wallahi, sitazimaliza kwa kuogopa."