Mikono Baridi

Hili lilimpata mwalimu mwenzangu, nami nalisimulia kama alivyonisimulia. Mama yake alikuwa amepandikizwa konea ya marehemu, yaani kioo cha mbele ya jicho. "Matone yasikosekane hata saa moja," daktari alimwonya, "mwili usije ukaikataa."

Dawa ikaisha. Mwenzangu akatoka kununua chupa nyingine, akanogewa na soga kwa shoga yake mpaka jioni. Alirudi umeme umekatika, moyo ukimsuta, chupa ingali mfukoni. Akasimama mlangoni mwa chumba cha mama. Gizani alisikia tone likidondoka.

"Mama, nisamehe. Nimechelewa."

"Umechelewa wapi, mwanangu? Kila saa umenitilia. Ila mikono yako leo ni baridi mno. Hebu niachie kope sasa."