Amandine na Mtanzania wa Tiba ya Kichina

Kitu cha kwanza Amandine alichokiona kwa Mzee Valerian ni soksi zake: moja nyeusi, nyingine ya bluu. Mtu asiyejua kuvaa soksi, akawaza, ndiye ataniponya mimi?

Kila Jumamosi tumbo lilimkaza, kwa sababu kila Jumapili alisoma Biblia kwa Kiswahili kanisani. Wiki iliyopita alikimbia katikati ya mstari. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Na kesho bibi yake wa Uvira, Kongo, angemtazama kwa simu akisoma! Ndipo mama yake, Donatienne, akampeleka ghorofa ya nane ya jengo lao, kwa jirani Mtanzania aliyesomea tiba ya Kichina.

"Wachina wa kale walisema mwilini mna nguvu inayotembea, wanaiita chi," alieleza Mzee Valerian. "Ukijikaza, inakwama. Ukijilegeza, inapita."

Amandine alibetua midomo, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Inapita wapi? Kwenye lifti? Lifti yetu imekwama tangu jana, kailegeze kwanza!"

"We Amandine!" mama alifoka. "Shika adabu!"

"Mwache, Mama Amandine. Binti, lala chali. Pumua polepole."

Amandine alilala kwa dharau. Alifumba macho kwa nguvu, akauma meno, akapumua harakaharaka ili amalize mapema. Kwao kila kitu kilifanywa kwa kujikaza. Mama alijikaza kiwandani hapa Brampton, Kanada, na Amandine alijikaza shuleni.

Mzee Valerian alicheka hadi akashika mbavu. "Unapumzika kama mtu anayepigana! Unapigana na nani?"

Amandine aliacha kuuma meno. Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakalegea, na tumbo nalo kidogo.

"Chi siwezi kukuonyesha," mzee alisema. "Mashine ya daktari haiioni. Lakini hofu hukaza mwili, hilo hata daktari atakuambia. Tangu uingie unanicheka. Nadhani unaogopa kuchekwa. Anayeogopa amwambie mtu, asiifungie hofu tumboni."

"Nisamehe, mzee," Amandine alinong'ona.

Kesho yake alishusha mabega, akasoma polepole. Alikosea mara mbili, akaendelea hadi mwisho.

"Umesoma vizuri, mjukuu wangu!" bibi alishangilia kwenye simu.

Amandine alijibu kwa Kiswahili chake cha kusitasita.

"Bibi, siku zote sikuzungumza na wewe kwa sababu niliogopa utanicheka."