Wafute Hao Wawili

"Kavi, picha za hekalu nimekutumia. Kuna watalii wawili walipita mbele ya kamera. Wafute tu, halafu unganisha. Mteja anazitaka leo. Love you."

Kavinya aliusoma ujumbe huo mikono ikiwa imejaa mafuta ya nywele. Ilikuwa Jumamosi, siku yake mwenyewe, na msichana mwingine yeyote wa Buruburu, Nairobi, angeizima simu na kujipamba. Lakini huyu mapenzi yalikuwa yamemwingia hadi kwenye mifupa. Akajipangusa mikono kwa leso, akafungua kompyuta.

Sebuleni baba yake, Mzee Nzivo, alikuwa ananung'unika tangu asubuhi.

"Mkwe gani huyu anamtuma mama yake alete mbuzi, yeye amekaa anangoja mlima uteme moto?"

"Baba, ni kazi. Mlima haupangiwi siku."

"Mimi mama yako nilimletea ntheo nikiwa na mguu uliovunjika. Nilibebwa!"

Kavinya alicheka. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo akishachinjwa, msichana ni mke wa mtu, hata kama kanisani hamjakanyaga. Asipochinjwa, leteni hata ng'ombe wa kujaza uwanja, bado hajaolewa. Na Kavinya alikuwa amechoka kumngoja Javan Nabiswa. Alimngoja ashuke volkano hii, amalize hekalu lile, apate anga safi katika kisiwa kingine tena. Leo kungoja kungekwisha.

Kazi yao ilikuwa hivi. Javan, huko Indonesia, huitega kamera usiku na kuiacha ijipige yenyewe, picha baada ya picha. Kavinya, huku nyumbani, huziunganisha hadi nyota ziwe mistari inayozunguka juu ya hekalu. Ukitoa picha moja, mistari inakatika, kwa hiyo mtu akipita hatupwi na picha yake, anafutwa. Na ili umfute mtu wa gizani vizuri, sharti kwanza uongeze mwanga uone anaishia wapi. Javan mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Kavinya akaongeza mwanga.

Watalii hao hawakuwa wamepita. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za hekalu. Picha iliyofuata, mwanamke ameegemeza kichwa begani. Iliyofuata, mwanamume amevua jaketi lake, amemfunika. Jaketi lenyewe Kavinya alimnunulia Javan soko la mitumba la Gikomba, akaushona mfuko uliotatuka kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Uzi ulionekana wazi. Akaendelea kubonyeza hadi wakabusiana, na kila picha iliyofuata nyota zilikuwa zimesogea kidogo na wale wawili walikuwa bado wanabusiana.

Mwanamke alikuwa Sabrin, msichana wa mtaa wa Pumwani aliyesafiri na Javan kuandika maelezo ya picha zake. Javan alisema alisharudi Nairobi kwa sababu ya malaria. Kavinya, mjinga wa watu, hata alikuwa amemtumia ujumbe wa pole.

Nje wakwe walishaanza kuimba getini. Kavinya akafunga mlango wa chumba, akapiga simu.

"Kavi wangu! Niaje bibi harusi? Mathe ameshafika?"

"Wako getini. Javan, hao watalii ni kina nani?"

"Watalii gani?"

"Wa kwenye ngazi."

Kavinya alisikia upepo, na sauti ya mwanamke ikiuliza kwa Kiswahili cha Pumwani, "Ni nani huyo?"

"Kavi, si kulikuwa na giza? Si ungewafuta tu?"

"Niliongeza mwanga."

"Aah, usinianzie hizo leo. Wazee wamekaa hapo."

"Ulisema anaumwa malaria."

"Aliumwa! Akapona."

"Unampenda?"

"Wewe ndio nyumbani, Kavi. Unaelewa? Huku ni huku, huko ni huko."

"Sijauliza nyumbani ni nani. Nimeuliza unampenda?"

Javan akashusha pumzi. "Ndio."

Neno moja tu lilimtosha Kavinya. Akakaa kitandani, juu ya nguo aliyokuwa aivae.

"Unarudi lini?"

"Huu mlima ukimaliza kuna mwingine Ufilipino. Tumeshapanga. Lakini mwambie mzee achinje, basi. Nikirudi tutaona vile itakuwa."

"Nitakuwa mke wa nani nikikungoja uone?"

Kavinya akakata simu. Alilia kwa kuuma kanga ili sauti isitoke, kisha akavaa ile nguo kwa sababu hakujua avae nini kingine.

Uani mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye kamba ya kuanikia. Mzee Nzivo alikuwa na kisu mkononi, hasira za asubuhi zimemtoka, anatabasamu. Mirriam, mama yake Javan, alisimama karibu na wazee wake wawili.

"Kavinya," baba akauliza mbele ya wote kama desturi inavyotaka, "mbuzi hawa unawajua wametoka wapi? Tuwachinje?"

"Baba, usichinje."

Tabasamu la mzee likakwama usoni. "Unasema?"

"Wafungue, Baba. Warudi kwao. Javan ana mtu."

Wazee wa Mirriam wakaanza kusema kwa pamoja, mara ni shetani, mara ni vijana wa siku hizi, mara tukae tuongee. Mirriam peke yake hakushangaa. Alimtazama Kavinya, akauliza polepole, "Ni yule Sabrin?"

Kavinya akamgeukia.

"Mama! Ulijua?"

"Tangu Pasaka."

"Ukajua, na bado ukaniletea mbuzi?"

"Nilidhani akiwa na mke hapa, atashuka huko milimani. Mimi nimemwita mpaka nimechoka, mwanangu. Simu zangu hashiki. Zako anashika."

"Kwa hiyo mimi ndiye kamba ya kumvutia?"

"Ndio," Mirriam akasema, machozi yanamtiririka. "Nisamehe. Nikikukosa wewe, na yeye nimemkosa."

Kavinya alitaka kumchukia ikashindikana. Yeye mwenyewe, hata saa hiyo, simu ingelia Javan aseme anakuja, angeipokea.

"Si kwa ajili yangu anazishika, Mama. Anashika kwa sababu ya picha."

Mzee Nzivo akaweka kisu dirishani. "Mama Javan, ingia unywe chai."

"Chai hii haitapita kooni, baba Kavinya."

Wazee wakabaki uani kufungua mbuzi. Kavinya akamshika mkono mama wa watu, akamsindikiza hadi getini ili asianguke.

Majirani wa koti nzima, nyumba zote za uwanja ule, walikuwa wameshajipanga nje. Walipomwona Kavinya katika nguo yake mpya, mkono kwa mkono na mama mkwe, wote wawili wanalia, Ndunge wa nyumba ya pembeni akadhani ni machozi ya furaha, akapiga kigelegele. Wengine wakadakia. Mtu akaleta maua ya bogenvilia ya ukutani, akawamwagia vichwani.

Kavinya akainua mkono awanyamazishe.

"Waache," Mirriam akasema, akiushusha. "Waache kidogo tu."