Daftari Lilisema Amekula

Bi Mwanaheri alikuwa mkazi wa Temeke. Mwaka 1954 alikuwa akilea watoto tisa barazani kwake, tangu asubuhi mpaka alasiri, mama zao wakiwa kazini. Akipika uji, aliwaimbia. Akiwaogesha, aliwatajia viungo vya mwili: sikio, goti, kisigino. Nao waliitikia kwa vicheko.

Mdogo kuliko wote alikuwa Apolonia, wa miaka miwili. Mama yake, Kokushubila, alitoka Bukoba. Kazi yake ilikuwa kufagia wodi hospitalini.

Siku moja Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, alikuja na daftari kubwa.

"Bi Mwanaheri, kuanzia leo kila mtoto aandikwe. Saa aliyofika, alichokula, alivyolala, na choo chake. Nikikuta pengo, hapa patafungwa."

Bi Mwanaheri alikuwa amejifunza kuandika ukubwani. Aliandika polepole, herufi moja moja. Basi akawa anashinda mezani. Watoto aliwapanga mkekani, kila mmoja na bakuli lake. Mtoto akimvuta kanga, alimwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, naandika." Nyimbo zikaisha. Baraza likawa kimya.

Mwezi ulipokwisha, Kokushubila alikuja na uso mzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Apolonia amekonda. Na hasemi tena. Alikuwa akiniita, akiomba maji. Sasa ananitazama tu."

Bi Mwanaheri alifungua daftari. "Mbona anakula vizuri? Tazama. Jumatatu, amekula. Jumanne, amekula. Jumatano, amekula."

Kokushubila hakujua kusoma. Aliutazama ukurasa, kisha akamtazama mwanawe. Machozi yakamtoka.

"Daftari linasema hivyo, mama. Lakini mie ndiye ninayembeba."

Kesho yake alikuja na Bernadeta, nesi wa watoto pale hospitalini. Nesi hakuulizia daftari. Alivua viatu, akakaa mkekani.

Uji uligawiwa, Bi Mwanaheri akarudi mezani. Apolonia alishika bakuli lake, akamtafuta Bi Mwanaheri kwa macho. Bi Mwanaheri alikuwa ameinama, anaandika. Mtoto akaliweka bakuli chini. Mwishehe, wa miaka minne, akalivuta taratibu, akanywa uji wote.

Bi Mwanaheri aliinua kichwa, akaona bakuli tupu, akaandika.

"Umeandika nini?" nesi aliuliza.

"Apolonia amekula."

"Aliyekunywa uji ule ni Mwishehe. Nimemwona."

Kalamu ilimwanguka Bi Mwanaheri. "Siku zote hizi? Mungu nisamehe! Mtoto wa watu anashinda njaa, nami nipo hapa hapa!"

"Hukukusudia," nesi alisema. "Uliogopa kufungiwa. Lakini mtoto wa umri huu hawezi kukushtakia. Husema kwa macho na mikono, nawe humwelewa ukiwa karibu naye. Hujifunza maneno kwa kusemeshwa. Akiita asiitikiwe, mwisho hunyamaza. Na mwenye huzuni, hata chakula humshinda."

"Na daftari je?"

"Lina kazi yake. Mtoto akiugua, litatuonyesha alianza lini. Ila andika mchana, wakiwa wamelala. Andika ulichokiona. Usichokiona, acha wazi. Bwana Afya nitazungumza naye mie. Na Apolonia mleteni kesho tumpime."

Tangu siku hiyo meza ilihamia ndani. Bi Mwanaheri alimpakata Apolonia wakati wa kula. "Huu uji. Uji wa moto. Haya, tupulize." Siku za kwanza mtoto aligeuza uso. Bi Mwanaheri hakuchoka. Siku ya tisa Apolonia alikunja midomo, akapuliza.

Baada ya miezi miwili uzito wake ulikuwa umerudi. Bwana Afya alikuja ghafla, saa ya uji.

"Nisubiri kidogo, bwana. Nalisha."

Alisubiri. Kisha akafunua daftari.

"Mbona hapa pako wazi?"

"Siku ile sikuona, bwana. Nikaona heri pengo kuliko uongo."

Bwana Afya akafunua ukurasa uliofuata, akasoma kwa sauti: "Apolonia amemaliza uji. Amesema, 'Bado nataka.'"

Kokushubila, aliyetoka kazini mapema siku hiyo, alikuwa amefika mlangoni. "Bwana," alisema, "tafadhali, nisomee tena."

Akamsomea.