Bunduki Iliyonawa Uso

Maji yalikuja bila mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe na kavu, gari la doria lenye watu watatu lilikuwa katikati ya korongo likivuka mchanga taratibu, na ukuta wa maji ya rangi ya kahawa ukatokea kwenye kona ukalipiga ubavuni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko, mbali, kwa watu wengine. Gari lilipinduka mara mbili likakwama kwenye jiwe. Dereva aligonga kichwa akazimia. Askari alirushwa nje kupitia mlangoni, bunduki ikiwa bado mgongoni, na alipojishika kwenye mizizi ya ukingo akamwona mumewe akipita. Alipita kifudifudi, haraka, hakuinua mkono. Baada yake zilipita ndoo na matawi.

Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa bunduki wa kituo chao cha wanyamapori, na Dereva alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Maji yalipopungua Askari alirudi garini akamvuta shemeji yake hadi kivulini. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa umechungulia nje. Aliunyoosha, akaufunga kwa vipande viwili vya ubao na mkanda wa begi. Maumivu yakamzindua Dereva.

"Kaka yuko wapi?"

"Ametangulia kufuata msaada."

Askari mwenyewe alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. Hakulia. Alijipapasa moyoni akatafuta uchungu, akakuta pametulia kama chumba kilichohamwa. Basi akainuka akaanza kuchimba mchanga kwa mikono, maana maji yale yote yalikuwa yameshazama, na duniani hakuna kejeli kubwa kuliko kuzamishwa asubuhi na kushinda na kiu mchana.

Shimo liliwapa maji mazito ya tope. Aliyachuja kwa upindo wa shati wakanywa, mchanga ukisaga menoni. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Katikati ya kazi hizo alisafisha bunduki pia, kama alivyofundishwa: alipitisha kamba yenye kitambaa ndani ya mtutu mara saba, akauelekeza kwenye jua akachungulia. Uling'aa. Kituoni mkuu wao alikagua hivyo hivyo, akisimama dirishani na kufumba jicho moja, na kwa kuwa hakuangalia pengine, hakuna askari aliyesafisha pengine. Kule ndani kwenye vifereji na vipembe walimwachia Fundi.

Naye alilalamika kila wiki kwenye kile chumba chake cha silaha chenye meza moja na taulo lililokakamaa kwa mafuta. "Mnaniletea bunduki zilizonawa uso," alikuwa akisema. "Kunawa uso si kuoga." Walicheka, mkewe akiwamo, na wiki iliyofuata wakamletea zile zile.

Asubuhi ya tatu mguu ulikuwa umeanza kunuka na homa imempanda Dereva hadi machoni. Ndipo Askari alipoona vumbi juu ya kilima. Doria ikikosa kuita redioni siku mbili, gari la utafutaji hupita barabara ya juu, husimama kila baada ya mwendo fulani, huzima injini na kusikiliza. Anayetafutwa hupiga risasi tatu. Vumbi likatulia. Injini ikazimwa.

Askari alisukuma risasi ndani ya chemba, akakandamiza mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ushuke. Haukushuka. Akaupiga kwa kiganja hadi ngozi ikachubuka, ukashuka nusu. Akavuta kifyatuo. Hakuna kitu. Alipiga kelele, lakini koo lililokauka halifiki kilimani. Injini ikawashwa, vumbi likaenda zake.

"Watarudi?" Dereva aliuliza.

"Barabara ni hiyo moja. Watarudi alasiri."

"Na wasipotusikia?"

"Kesho watatafuta upande wa pili."

Wote wawili waliutazama mguu. Ule haukuwa mguu wa kusubiri keshokutwa.

Askari akavua skafu yake akaitandika mchangani, akachomoa bolti. Akaingiza kidole nyuma ya chemba, pale penye vifereji ambamo masikio ya bolti hujifunga. Palikuwa pamejaa tope lililokauka, gumu kama saruji. Kidole hakikukunja kona. Akavunja kijiti kibichi, akakitafuna ncha kama mswaki, akakipinda, akaanza kukwangua. Tope lilitoka punje kwa punje. Alikwangua hadi kijiti kikalainika, akatafuna kingine, na kingine, hadi mdomo ukawa mchungu. Alipoacha, jua lilikuwa utosini.

Bolti ikajifunga sawasawa. Akavuta kifyatuo bila risasi ndani ili asikie. Ilitoa sauti ndogo, ya uvivu: tik.

"Hiyo haiui hata mbu," alisema Dereva kutoka kivulini.

Ubaya ulikuwa ndani ya bolti yenyewe, inakokaa pini ya kugonga risasi. Askari aliwahi kumwona mumewe akiifungua mara mia, na mara zote mia yeye alikuwa akipiga soga badala ya kuangalia. Sasa alifumba macho, akanyamazisha soga zake za zamani, akatazama ile mikono tu. Ilichukua kamba. Ilinasa mkia wa pini. Ilivuta na kuzungusha. Akafungua kamba ya kiatu chake, akanasa, akavuta. Springi ikaponyoka, ikamng'ata kidole. Mara ya nne kitu kizima kikazunguka na kutoka. Grisi na tope vilikuwa vimegeuka uji mweusi.

Petroli ingefaa, ila tangi lilikuwa limezikwa. Maji ya shimo yangerudisha tope lile lile. Akafikiri, kisha akachukua kifuniko cha chupa ya chai kilichookoka.

"Shemeji, una mkojo?"

Dereva alifungua jicho moja. "Umeniuliza nini?"

"Kama unao, weka humu. Wangu hautoshi."

"Shemeji, jambo hili hata mke wangu hajawahi kuniomba."

"Mimi si mkeo. Weka."

"Geuka basi."

Aligeuka. Alisubiri sana. Kilichopatikana kilikuwa kidogo na cheusi kama chai ya kuchemshwa mara mbili. Askari alikichanganya na chake, akasuuza bolti kwa matone, akizungusha kijiti ndani kama anayemsafisha mtoto sikio, akafuta, akasuuza tena, kisha akaipuliza na kuianika kwenye jiwe la moto. Dereva alimtazama muda wote. Hakuuliza chochote tena, na Askari akadhani ni homa.

Vumbi lilirudi jua likiwa limeegemea magharibi. Lilipita, likapunguza mwendo, likasimama. Injini ikazimwa.

Askari akaweka risasi, akafunga, akaelekeza mtutu juu. Bunduki ilimpiga begani ikaporomosha mchanga ukingoni. Akafungua, akafunga, akapiga. Akafungua, akafunga, akapiga. Kimya. Halafu honi ikalia huko juu, ndefu, na vumbi likaanza kuteremka kuelekea korongoni.

Alikaa chini kando ya shemeji yake. Gari lingechukua muda kuteremka, na aliona aibu watu wengine wamwambie Dereva kabla yake.

"Shemeji. Kaka yako hakutangulia."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Leo, ulipoanza kukwangua. Kaka asingeondoka hapa akakuachia bunduki ina tope ndani. Angekaa kwanza aisafishe, hata kama mimi nakata roho. Angenitukana tu ninyamaze."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeweka hicho kijiti chini."

Ilikuwa kweli, naye Askari alijua kwamba ni kweli. Mikono iliyokuwa na kazi siku tatu ikakosa cha kufanya. Akaifumbata magotini. Dereva akanyoosha mkono wake mchafu akauweka juu ya ile miwili, akaacha hapo.

Watu wa gari walipofika na machela walimkuta akilia kwa sauti kubwa, kichwa kikiwa magotini, wakamkimbilia yeye kwanza wakidhani ndiye aliyeumia.